Mtungi wa Atang: jukwaa na sinema ya Ufilipino

Wazee wangu, walimu, wanafunzi, asanteni kwa kufika na mvua yote hii.

Wengi wetu Ufilipino tumeijulia sebuleni, kupitia tamthilia zao zinazoonyeshwa kwenye runinga zetu: mama mkwe mkali, binti maskini, mtoto aliyepotea utotoni. Sizidharau hata kidogo, nimezililia nyingi. Leo nataka tufuate njia zilikopita hadi zikatufikia, maana kule sinema ilizaliwa jukwaani, na mpaka leo haijaachishwa ziwa.

Nyie vijana wawili mlioshika mianzi, karibuni mbele. Pigeni chini mara mbili, halafu igongesheni mara moja. Chini, chini, kwa! Chini, chini, kwa! Hiyo ni tinikling, ngoma ya kisiwa cha Leyte, na jina lake limetoka kwa tikling, ndege wa miguu mirefu anayepita mashambani akikwepa mitego ya mianzi. Mchezaji hukanyaga ndani kwa mapigo mawili. Mianzi ikigongana awe ameshatoka, la sivyo kifundo cha mguu kitalipa. Mwendo unazidi kuwa wa kasi, naye haangalii chini. Anatabasamu. Mimi ninapofundisha uigizaji huwaambia wanafunzi wangu wautazame uso ule kwanza, miguu baadaye.

Kusini, kisiwani Mindanao, Waislamu wa Kimaranao wana singkil: binti wa kifalme anapita katikati ya mianzi iliyopishana, pepeo mbili mikononi, na nyuma yake mtu amemshikia mwavuli. Kisa chake kinatoka Darangen, utenzi mrefu wa Wamaranao, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Nasema utenzi kwa makusudi. Sisi tuliokulia kwenye tenzi tunajua maana ya watu kukesha wakisikiliza beti.

Wahispania walikaa zaidi ya miaka 300. Wakaleta michezo ya mateso ya Yesu wakati wa Kwaresima, na komedya, ambamo Wakristo huwashinda Waislamu kwa panga na mashairi. Mwishoni mwa karne ya 19 ikaja sarsuwela, mchezo wa maneno na nyimbo, na hapo ndipo Wafilipino walipoichukua kalamu wenyewe. Mwaka 1902 Severino Reyes alitoa Walang Sugat kwa Kitagalogi, kisa cha mapenzi ndani ya vita vya kumng'oa Mhispania.

Lakini mwaka 1902 mtawala alikuwa ni mwingine, Mmarekani, na sheria ya uchochezi ya 1901 ilikuwa tayari mezani. Watunzi wakaingia kwenye mafumbo. Mwanamke aliyefungwa mnyororo wa dhahabu, kila aliyekaa ukumbini alijua ni nchi yake. Waigizaji walivaa nguo ambazo kila moja peke yake haikuwa na neno. Ikifika zamu yao wanasogeleana, na rangi zile zinakuwa bendera. Sekunde chache tu, kisha wanatawanyika. Aurelio Tolentino alikamatwa kwa sababu ya mchezo wake wa 1903, Kahapon, Ngayon at Bukas, yaani Jana, Leo na Kesho. Nikifikiria ujasiri unaotakiwa ili kusogea hatua moja tu kuelekea kwa mwenzako jukwaani, wakati askari wako mlangoni, nyayo zinanisisimka.

Sasa tuje kwa Atang de la Rama, mwigizaji na mwimbaji. Sarsuwela ya Dalagang Bukid, Msichana wa Shamba, ilipopanda jukwaani mwaka 1917 yeye alikuwa bado kigoli. Alicheza Angelita, muuza maua, ambaye wazazi wake wanataka aolewe na mzee mkopesha kwa riba ilhali moyo wake uko kwa mwanafunzi wa sheria. Mwaka 1919 José Nepomuceno akaigeuza kuwa filamu, ya kwanza kutengenezwa na Mfilipino. Mhusika mkuu ni Atang yuleyule. Filamu zenyewe zilikuwa bubu, nao watu walikuja kusikia wimbo! Basi Atang alisimama ukumbini, kinanda, fidla na tarumbeta pembeni yake, na Angelita wa kwenye pazia alipofungua kinywa, yeye aliimba wimbo wa mtungi uliovunjika. Msichana kaenda kuteka maji, mtungi ukapasuka. Mnaosikiliza taarabu hamhitaji nifafanue ni mtungi gani.

Hakuna nakala hata moja ya filamu ile iliyobaki. Hili linaniuma kila nikilitaja.

Vita vya pili viliiacha Manila magofu. Miaka ya 1950 kampuni kubwa kama Sampaguita na LVN zilitoa filamu nyingi, na nyota waliopendwa walikuwa weupe wenye sura ya Kizungu. Mwaka 1972 Rais Ferdinand Marcos akatangaza utawala wa kijeshi, magazeti yakafungwa, na jukwaa likarudi kwenye kazi yake ya zamani. Kundi la maigizo la PETA, lililoanzishwa na Cecile Guidote mwaka 1967, lilicheza katika ukumbi usio na paa, ndani ya magofu ya ngome ya Fort Santiago. Mwongozaji Lino Brocka alitoka humo. Mwaka 1976 alitengeneza Insiang, habari ya binti wa mtaa wa mabanda wa Tondo anayeharibiwa na hawara wa mama yake. Filamu inafunguka machinjioni, nguruwe wanalia. Hakuna muziki wa kukubembeleza. Mwaka 1978 ikawa filamu ya kwanza ya Ufilipino kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Na kuna filamu ya Himala, Muujiza, ya mwongozaji Ishmael Bernal, 1982. Mswada ni wa Ricky Lee, aliyekuwa ameshaonja kifungo cha utawala ule. Kwenye kijiji kikavu binti aitwaye Elsa anasema amemwona Bikira Maria. Wagonjwa wanamiminika, wafanyabiashara nyuma yao. Elsa ni Nora Aunor, mfupi, mweusi kwa macho ya kwao, ambaye utotoni aliuza maji ya kunywa kwenye stesheni ya treni. Mwishoni anapanda kilimani mbele ya maelfu ya watu waliokuja na magongo na vikongwe wao. Anawaambia: Walang himala. Hakuna muujiza. Sauti haipandi haraka. Mtazameni anavyomeza mate kabla ya kusema. Nora alitutoka Aprili 2025.

Hiyo filamu ilirudishwa jukwaani mwaka 2003, ikawa mchezo wa nyimbo. Aicelle Santos alikuja kumcheza Elsa huko, na mwaka 2024 mchezo uleule ukarudi kwenye sinema, Elsa akiwa ni yeye. Safari hii Elsa anaimba.

Naomba taa zizimwe. Tunaanza na kile kilima cha 1982.