Litengenezwe au Lilipwe? Hesabu ya Bima kwa Gari Lililogongwa

Mafundi na wenye magari, karibuni. Tuingie moja kwa moja kwenye hesabu, maana ugomvi mwingi wa bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, huzaliwa hapo. Gari haliandikwi hasara kamili, yaani kulipwa thamani badala ya kutengenezwa, kwa sababu limebonyea vibaya. Huandikwa pale gharama ya kulitengeneza, ukijumlisha na bei ya kuuza mabaki yake, inapofika thamani liliyokuwa nayo sokoni kabla ya ajali.

Tuseme Toyota IST ya shilingi milioni 14 imegonga kwa mbele. Profoma ya gereji, yaani makadirio ya gharama, inasema spea milioni 5.2, kazi na rangi milioni 1.8, jumla milioni 7. Wanunuzi wa mabaki wametaja milioni 5.5. Ukijumlisha unapata 12.5, chini ya 14. Itengenezwe.

Ila profoma hiyo iliandikwa kabla bampa halijavuliwa. Likivuliwa, fundi anakuta mhimili wa chesisi wa kushoto umejikunja nyuma ya rejeta, na mkadiria hasara anaongeza milioni 2.6. Sasa ni 9.6 na 5.5, yaani 15.1. Uamuzi umegeuka, na gari limeshafunguliwa. Ndiyo maana kampuni nyingi hujiwekea mstari mapema, nusu ya thamani kwa wengine, asilimia 60 au 70 kwa wengine, ili zibaki na nafasi ya yale yasiyoonekana.

Yasiyoonekana yenyewe ni yapi? La kwanza ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu. Ikishafumuka haikunjwi ikarudishwa. Ya abiria mara nyingi hupasua dashibodi, kwa hiyo unanunua na dashibodi. Mikanda yenye kifyatuzi, kinachoikaza ghafla gari likigonga, hufyatuka mara moja tu; inabadilishwa. Kompyuta ya eabegi huhifadhi kumbukumbu ya ajali, nayo hubadilishwa au husafishwa kwa kifaa maalumu. Kuna na sensa za mbele. Fundi anayeziba dashibodi kwa gundi na kuizima taa ya onyo amepunguza profoma kweli, lakini amemrudishia mtu gari lisilo na kinga.

La pili ni chesisi. Hupimwa kwa milimita, kutoka tundu hadi tundu, na kwa mshazari pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, gari linahitaji kuvutwa kwenye mashine. Ukiwa huna vipimo, tazama nafasi kati ya boneti na fenda: upande mmoja ikiwa nyembamba na mwingine pana, usisaini profoma ya rangi peke yake. Nguzo za chuma kigumu kwenye magari ya karibuni hazipashwi moto ili zinyooshwe. Moto huua ule ugumu.

Mafuriko yana hesabu yake. Mkadiria hutafuta mstari wa tope: chini ya zulia, usawa wa kiti, au dashibodi. Maji yakifika dashibodi, umeme wa gari zima unatiliwa shaka. Ya bahari ni mabaya zaidi, chumvi huendelea kula viunganishi gari likiwa limeshakauka. Na msiliwashe! Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, fimbo ya pistoni ndiyo inayopinda.

Kwa upande mwingine, spea zilizotumika huokoa magari. Sehemu ya mbele nzima iliyokatwa kwenye gari jingine, ile nosikati, huja na taa, boneti, bampa na rejeta kwa pamoja, na inaweza kurudisha gari chini ya mstari. Omba profoma ya pili yenye spea hizo kabla hujakubali hasara kamili, ila eabegi na mikanda isiwe ya kuokoteza.

Sasa malipo. Kiasi kilichoandikwa kwenye bima ni ukomo, si ahadi: kwa kawaida unalipwa thamani ya soko au kiasi hicho, kilicho kidogo. Aliyekata bima ya milioni 9 kwa gari la milioni 14 ili apunguze ada, mkataba wake ukiwa na sharti la wastani, linalolipa kwa uwiano wa bima na thamani, atalipwa 9 kwa 14, karibu asilimia 64 ya hasara, hata kwa taa moja iliyovunjika. Ukiona thamani waliyoweka ni ndogo, peleka matangazo ya magari ya mwaka, injini na kilomita zinazokaribiana na lako. Malalamiko matupu hayabadilishi ripoti.

Ukitaka kubaki na mabaki, bei yake hukatwa. Kwenye IST yetu, ikiwa fungu unalobeba mwenyewe ni laki 7: 14 toa 5.5 toa 0.7, unapokea milioni 7.8 na gari bovu. Matengenezo ni 9.6. Kabla hujasaini, uliza kwa maandishi kama gari hilo, likishatengenezwa, litapokelewa tena kwenye bima kubwa, na kwa ukaguzi gani.