Utada Hikaru: sauti ya urithi, maneno ya mwenyewe

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunakwenda Japani, kwa mwimbaji na mtunzi Utada Hikaru. Na niseme mapema, kaka Idrisa, tusipotezeane muda: kila anayemtaja Utada anakimbilia mauzo ya albamu ya kwanza. Mimi naamini kazi yake kubwa kuliko zote ni albamu ya Fantôme ya 2016, na nitaipigania hapa.

IDRISA: Ipiganie, lakini hiyo ya kwanza, First Love, usiipite juu juu. Ilitoka Machi 1999, mwenyewe ana miaka 16, na Japani peke yake iliuza nakala zaidi ya milioni 7. Hakuna albamu iliyowahi kuuza zaidi ya hiyo katika nchi ile. Jambo kama hilo haliji hivi hivi.

NEEMA: Soko nalo lilikuwa limechemka. Biashara ya CD Japani ilifika kileleni 1998, ndipo ikaanza kushuka.

IDRISA: Nakubali, wakati ulimbeba. Ila wasanii wote wa siku zile walibebwa na wakati huohuo, mbona hawakufika? Sikiliza. Pop ya Japani wakati ule ilikuwa mikononi mwa maprodyuza. Komuro Tetsuya anaandika wimbo, anapanga ala, anaamua nani aimbe. Mwimbaji Amuro Namie alipaa kwa nyimbo za Komuro. Halafu Desemba 1998 anatokea mtoto wa miaka 15 na Automatic. Maneno kaandika yeye, muziki katunga yeye. Na wimbo wenyewe hauna haraka, unatembea polepole kama R&B ya New York, mji aliozaliwa 1983.

NEEMA: Eleza ule mwanzo wa Automatic. Wiki iliyopita ulinielezea nje ya mikrofoni, nikauona wimbo upya.

IDRISA: Haya. Ubeti wa kwanza unahusu simu. Simu inalia, na kwenye mlio wa saba mtu anaipokea. Mjapani yeyote akisema "mara ya saba" anaitamka kwa mkupuo mmoja. Utada hafanyi hivyo. Anatoa silabi ya kwanza ya neno, anaiacha ikining'inia, mdundo unapita, ndipo anaendelea. Mbele kidogo anafanya vilevile kwa neno la kengele, analikata katikati. Sikio la msikilizaji linabaki linasubiri neno likamilike, na huko kusubiri ndiko kunakompa ile hali ya mtu aliyeshika simu moyo unadunda. Waandishi wengi wa nyimbo Japani walikuwa wanalaza neno juu ya muziki likiwa zima. Huyu alilivunja lifuate mdundo. Kwa miaka 15, Neema!

NEEMA: Hapo huna mpinzani. Ila sauti, kaka. Maana mtu anaweza kuwa na akili ya kukata maneno na sauti isimsaidie. Yake ina mtetemo mwembamba, hasa juu kule kwenye kiitikio cha wimbo wa First Love, unadhani itakatika, haikatiki. Ule mtetemo una kwao.

IDRISA: Kwa mama.

NEEMA: Kwa mama! Mama yake ni Fuji Keiko, na kwa Wajapani waliokuwa watu wazima mwaka 1970 jina hilo halihitaji maelezo. Fuji aliimba enka. Kwa msikilizaji wetu asiyeijua, enka ni kama taarab ya watu wazima: mapenzi yaliyoharibika, usiku, pombe, mtu aliyeachwa bandarini, na sauti inayopindapinda kwenye neno moja mpaka ulie. Mwaka 1970 albamu zake mbili zilishika namba moja kwa kupokezana, wiki 37 mfululizo. Na mama yake Fuji, bibi yake Utada, alikuwa mpiga shamisen, ala ya Kijapani ya nyuzi tatu, asiyeona, aliyekuwa akisafiri kupiga muziki. Vizazi vitatu hivyo.

IDRISA: Na baba, Utada Teruzane, ni prodyuza. Walikuwa na kundi la familia, U3, wazazi na mtoto. Huyu amelelewa studio, New York na Tokyo.

NEEMA: Sasa ona, mama anaimba majonzi ya watu wazima, nyimbo kaandikiwa na wengine. Mtoto anarithi koo, lakini anakataa kuandikiwa. Kwangu mimi huo ndio uti wa mgongo wa kazi yake yote.

IDRISA: Kuna jambo la 2001 linaingia hapo. Machi mwaka huo ilitoka albamu ya Distance, siku moja na albamu ya mwimbaji mwenzake Hamasaki Ayumi, na vyombo vya habari vikaigeuza vita. Distance iliuza zaidi ya milioni 3 kwa wiki ya kwanza tu. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kilichofuata. Juni 2001 mtu mmoja aliingia shule ya msingi ya Ikeda, Osaka, akaua watoto wanane. Mmoja wa watoto wale alikuwa anampenda sana Utada, alitaka kuwa kama yeye. Utada akauchukua wimbo wa Distance, ambao ulikuwa wa kuchezeka, akauondolea ngoma za mbio, akaujaza piano na nyuzi, akautoa Julai kwa jina Final Distance, kwa ajili ya yule mtoto. Maneno yanabaki karibu yaleyale, lakini umbali unaoimbwa si wa wapenzi tena. Alikuwa na miaka 18.

NEEMA: Nashukuru umeuleta huo. Hapo ndipo nilipoanza kumwona kama mwandishi wa misiba.

IDRISA: Tusisahau gemu. Kuna watu wengi nje ya Japani, na vijana wengi wa hapa kwetu waliokuwa na PlayStation 2, walimsikia mara ya kwanza kupitia Kingdom Hearts ya 2002. Kwa Kijapani wimbo ni Hikari, kwa Kiingereza Simple and Clean. Halafu 2004 akajaribu Marekani na Exodus, akitumia jina Utada peke yake. Wewe unaionaje Exodus?

NEEMA: Ina ujasiri wa prodakshini, midundo mikavu, vichekesho vya hapa na pale. Haikuvuma kule. Mimi hainigusi sana. Naona anaonyesha uwezo zaidi ya kusema jambo. Ila ilimfundisha kazi ya mashine, maana ukija kwenye Ultra Blue ya 2006 na Heart Station ya 2008, mpangilio wa ala anaufanya mwenyewe kwa sehemu kubwa. Kwenye Automatic alikuwa na wapangaji wengine.

IDRISA: Na 2007 akatoa Flavor of Life na Beautiful World, ule wa filamu ya katuni ya Evangelion. Halafu kileleni kabisa akasimama. Mwaka 2010 akatangaza anapumzika muziki, anataka aishi kama binadamu wa kawaida. Desemba mwaka huo akafanya konsati mbili Yokohama Arena, akaondoka. 

NEEMA: Mimi huo uamuzi nauheshimu kuliko tuzo. Biashara ya muziki haimpi mtu ruhusa ya kunyamaza. Yeye aliichukua. Katikati ya ukimya akatoa wimbo mmoja tu, Sakura Nagashi, Novemba 2012, wa Evangelion tena. Wimbo wa kupoteza mtu. Na Agosti 2013 mama yake akafariki Tokyo, ghafla. Utada aliandika hadharani kwamba mama alikuwa ameugua ugonjwa wa akili kwa miaka mingi. Zaidi ya hapo hakuzungumza sana. Akakaa na jambo lake.

IDRISA: Na 2015 akapata mtoto.

NEEMA: Mama anaondoka, yeye anakuwa mzazi. Aprili 2016 anarudi na nyimbo mbili siku moja. Wa kwanza, Hanataba wo Kimi ni, ulikuwa wimbo wa ufunguzi wa tamthilia ya asubuhi ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, Toto Nee-chan. Sasa, tamthilia hii inatazamwa na familia nzima wakati wa kifungua kinywa. Wimbo ni mwororo, una mwanga, mtu anaweza kuuimba akikaanga mayai. Mstari wa kwanza unamtaja mtu ambaye kwa kawaida hajipambi usoni, lakini asubuhi hii ana vipodozi hafifu. Kaka, huyo ni marehemu. Huo ni uso ulioandaliwa kwa ajili ya kuagwa. Na shada la maua la kwenye jina la wimbo ni la jeneza.

IDRISA: Mamilioni wanausikia kila asubuhi.

NEEMA: Kila asubuhi, miezi sita, Aprili mpaka mwanzoni mwa Oktoba! Wengine wakausikia kama wimbo wa harusi, na haukuwakatalia. Ule wa pili, Manatsu no Tooriame, ulikuwa unafunga kipindi cha habari za usiku. Huo haujifichi. Piano, sauti iko karibu na sikio lako kabisa, na ngoma hazipo kwa muda mrefu. Anaimba kipande, ananyamaza, anaimba kipande. Mapengo yale kayapima. Yule mtoto aliyekata neno la simu 1998 ili moyo udunde, sasa anakata sentensi kwa sababu kilio kinakata pumzi. Ufundi ni uleule.

IDRISA: Hilo... hilo sikuwahi kuliunganisha. Endelea.

NEEMA: Fantôme yenyewe ikatoka Septemba 2016. Inafunguliwa na Michi, wimbo una mdundo wa kutembea mbele kabisa, unaweza kuucheza. Anamwambia aliyeondoka kwamba bado yumo ndani yake, na njia inaendelea. Inafungwa na Sakura Nagashi. Fikiria: wimbo alioutunga mama akiwa hai ndio unaofunga albamu ya kumlilia mama. Na Kiingereza alichozoea kukichanganya kwenye nyimbo zake kimepungua sana. Amerudi kwenye lugha ambayo mama yake aliiimbia.

IDRISA: Lakini si msiba mtupu. Kuna Nijikan Dake no Vacance, aliouimba na mwimbaji Sheena Ringo; wote wawili walianza 1998 katika kampuni moja. Ule ni wimbo wa watu wazima wanaoiba saa mbili kutoka kwenye majukumu. Mimi ndio ninaourudia.

NEEMA: Na ndiyo maana naipenda. Maisha ya aliyefiwa yana siku za kucheka pia.

IDRISA: Nikubali hivi: First Love ni kipaji, Fantôme ni utu uzima. Ila mimi ningeweka Bad Mode ya Januari 2022 pembeni yake, si chini. Alifanya na maprodyuza wa Uingereza, Floating Points na A. G. Cook. Wimbo wa Somewhere Near Marseilles una karibu dakika 12, na karibu nusu yake unaachiwa mdundo wa klabu uende. Mtu mwenye jina kubwa hivyo, mwaka wa 24 kazini, anajiachia namna ile. Na miezi michache kabla, Juni 2021, alikuwa amesema wazi kwamba hajihesabu kuwa mwanamke wala mwanamume. Albamu inasikika kama mtu aliyeacha kubana pumzi.

NEEMA: Bad Mode siibishii. Wimbo wake wa kwanza ni mtu anamliwaza rafiki mwenye mawazo mazito, anamwambia nipo. Nikikumbuka aliyoyapitia na mama, nauelewa.

IDRISA: Haya, kwa ambao hawajawahi kumsikiliza, waanzie wapi?

NEEMA: Automatic, halafu Final Distance, kisha Hanataba wo Kimi ni na Manatsu no Tooriame zifuatane. Na kabla ya hizo mbili za mwisho, tafuteni wimbo mmoja wa Fuji Keiko wa 1970, Keiko no Yume wa Yoru Hiraku.

IDRISA: Mimi naongeza Somewhere Near Marseilles, kwa spika kubwa, si za simu. Tuandikieni nani mnamuunga mkono kati yangu na Neema. Kipindi kijacho tutakuwa na Sheena Ringo mwenyewe, nyimbo zake, na hapo dada Neema ndiye atakayejitetea.