Asilimia Kumi na Mbili ya Nini?

Ndugu zangu, jioni hii naomba tukae na nyota moja tu. Iko katika kundinyota la Farasi, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 157, na kwa macho matupu haionekani. Wanaastronomia wanaiita HD 209458.

Septemba 1999, David Charbonneau, mwanafunzi wa uzamivu, aliitazama kwa darubini yenye upana wa sentimita 10 iliyowekwa kwenye maegesho ya magari huko Boulder, Colorado. Mwanga wa nyota ukafifia kwa takriban asilimia 1.5, ukabaki hivyo karibu saa tatu, kisha ukarejea. Wiki moja baadaye, ukafifia tena. Ni sayari yake iliyokuwa ikipita mbele yake: huizunguka kwa siku tatu na nusu, na wiki ni mizunguko miwili.

Sasa tupige hesabu. Sayari imeziba asilimia 1.5 ya uso wa nyota. Tafuta kipeuo cha pili, utapata kwamba upana wake ni kama asilimia 12 ya upana wa nyota. Lakini asilimia 12 ya nini? Ukiniambia kitambaa ni robo ya jora, sijajua kitu mpaka nijue jora lina yadi ngapi.

Kwa hiyo tunarudi kwenye nyota. Wigo wa mwanga wake, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, unatupa joto la uso: kama kelvini 6,100, kuzidi Jua kidogo. Umbali na mng'ao vinatuambia inatoa nguvu kiasi gani. Ukiunganisha hayo, upana ni takriban mara 1.2 ya Jua. Basi upana wa sayari ni karibu mara 1.4 ya upana wa Mshtarii (Jupita), sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua.

Uzito nao? Sayari huivuta nyota, nyota ikayumba kwa mita 85 hivi kwa sekunde. Hapa mimi hushangaa kila mara: mwendo mdogo namna hiyo, kwenye tufe la moto lenye upana unaozidi kilomita milioni 1.6! Lakini bila kujua uzito wa nyota, namba hiyo haitufikishi popote. Tukiujua, sayari inapata kama asilimia 70 ya uzito wa Mshtarii. Pana hivyo, nyepesi hivyo: msongamano wake ni mdogo hata kuliko wa Zohali.

Mwaka 2018, chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia kilitoa umbali sahihi zaidi wa nyota nyingi. Vipimo vya sayari nyingi vikabadilika, ilhali hakuna aliyezitazama upya sayari zenyewe.