Mabomba Matupu Chini ya Barabara: Mhadhara kwa Mafundi na Wanafunzi wa Uhandisi, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Ahsanteni kwa kuja, tena kwa foleni hii ya jioni.

Nimekuja kuzungumzia bomba lisilo na kitu ndani. Nyote mmeona mambo ya Kariakoo na Posta. Kampuni moja inachimba mtaro ukingoni mwa barabara, inalaza kebo, inafukia. Haijapita muda inakuja ya pili, inachimba ubavuni mwa mtaro uleule. Umeme nao una zamu yake, maji nayo. Sululu inatoboa bomba la maji, kijiko kinakata mkongo, maduka yanakosa mtandao, lami inabaki viraka vitupu. Nasema hivi: tunafukia kebo wakati tulitakiwa kujenga njia ya kebo. Kebo huchoka, au mahitaji huizidi. Njia yake haina sababu ya kufa pamoja nayo.

Walioanza kazi hii nao walipitia huko huko. Mwaka 1882 Thomas Edison alipowasha umeme wa kituo chake cha Pearl Street, New York, alifukia mabomba ya chuma yenye urefu wa kama mita 6 kila kipande. Ndani mlikuwa na fito za shaba zilizozungushiwa kamba, kisha ikamiminwa gundi nzito ya kuzuia umeme. Hitilafu ikitokea, dawa ni kuchimba. Machi 1888 tufani ya theluji iliangusha nyaya zilizokuwa zimejazana juu ya nguzo za jiji hilo, na shinikizo la kuzishusha chini likawa kubwa. Mfumo uliokuja kushika ni wa mabomba matupu yanayounganisha chemba na chemba, yaani mashimo yaliyojengwa ambamo fundi huingia: kebo inavutwa ndani, ikiharibika inavutwa nje, na barabara haiguswi.

Sasa tuingie mtaroni. Ardhi yetu ya pwani ni mchanga, na kuta za mchanga hazisimami. Usimshushe kibarua kwenye mtaro wenye kina bila kuegemeza mbao pande zote mbili. Ukienda mabondeni, Jangwani na kandokando ya Msimbazi, maji yanakukuta kabla hujafika kina unachotaka, kwa hiyo pampu iwepo tangu asubuhi.

Unapanga mabomba kwa safu, ukiyatenganisha kwa vishikizo ili zege lipite katikati. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Bomba tupu ndani ya zege bichi huelea. Bomba la milimita 110 likizama lote, kila mita yake inasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Msimamizi anageuka kujibu simu, akirudi safu imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, na zege likishakauka hakuna wa kuinyoosha. Yafunge chini kwa nondo na waya, umwage zege kwa tabaka.

Mteremko nao. Bomba liinamie kwenye chemba. Sentimita 25 kwa kila mita 100 zinatosha. Masika ya hapa maji yataingia tu, tusijidanganye. Tunachotaka yapate pa kutokea, yasilale tumboni mwa bomba na tope lake.

Nikae kidogo kwenye kona, maana kona ndizo zinazoua kebo. Tuseme kebo imefika kwenye kona ya nyuzi 90 ikiwa na mvuto wa kilonyutoni 5, kama uzito wa kilo 500 hivi. Bomba ni kavu, kigezo cha msuguano ni 0.5. Itatoka upande wa pili ikivutwa kwa kilonyutoni 11. Ikikutana na kona nyingine kama hiyo, 24. Kona haijumlishi, inazidisha. Paka mafuta maalumu ya kuvutia kebo, na wala si grisi ya gari, kwa sababu inaweza kula ganda la kebo. Kigezo kikishuka hadi 0.2, kona ya kwanza inakupa kilonyutoni 7 tu badala ya 11. Na kwa kuwa kona huzidisha mvuto uliokwisha kukusanyika, dramu la kebo liweke upande ulio karibu na kona, winchi ikae mwisho ulionyooka. Kebo ileile, bomba lilelile. Umebadilisha upande tu na umeiokoa. Kijana anayechora ramani ofisini akiongeza kona ili kukwepa mti, afanye hesabu hii kabla ya kuongeza.

Joto pia. Kebo ya umeme yenye kihami cha XLPE, plastiki ngumu inayozuia umeme usivuje, imeundwa kufanya kazi hadi nyuzi 90 za Selsiasi, na joto hilo lazima litoke kwa kupitia ardhini. Mchanga wenye unyevu hulipitisha vizuri. Mchanga mkavu hulizuia. Hewa iliyomo ndani ya bomba nayo huzuia, kwa hiyo kebo iliyo bombani hubeba mzigo mdogo kuliko iliyofukiwa moja kwa moja. Hiyo ni gharama ya kweli, na mimi naona inafaa kulipwa, lakini ipigiwe hesabu mapema. Kebo zenye mzigo mkubwa zipite mabomba ya pembeni, za katikati hupikana. Na kebo ya waya mmoja inayobeba umeme wa AC, ule unaogeuka mwelekeo kila mara, usiipitishe peke yake kwenye bomba la chuma: usumaku wake hulichemsha bomba. Tumia plastiki, au pitisha fezi zote tatu pamoja.

Umeme na mawasiliano vinaweza kugawana mtaro, visigawane chemba. Fundi wa mkongo hana sababu ya kuinama karibu na kebo ya kilovolti 33.

Na chemba yoyote ile, usiingie kabla ya kupima hewa. Vyoo vya mashimo vya mji huu vinavuja, gesi zake hukusanyika chini. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 21. Kipimo kikisoma chini ya 19.5, hakuna kuingia, na juu abaki mtu muda wote. Mwenzako akianguka, usiruke kumfuata. Nawaomba sana hilo.

Narudi kwenye bomba tupu. Ukihitaji manne, laza sita. Plastiki ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha inaliwa na kuchimba na kurudisha lami. Barabara inapojengwa upya, kama Barabara ya Morogoro ilivyofanyiwa kwa ajili ya Mwendokasi, ndio wakati wa TANESCO wa umeme, kampuni za simu, DAWASA wa maji na wenye barabara, TANROADS na TARURA, kukaa meza moja na mchoro mmoja. Mabomba ya akiba yazibwe vizibo pande zote mbili, kila moja liachiwe kamba ya kuvutia.

Na wewe unayepokea kazi, usitie saini kwa kuangalia lami ilivyong'aa. Mwambie mkandarasi apitishe kipimo, gogo lenye kipenyo kidogo tu kuliko bomba, kutoka chemba hadi chemba, katika kila bomba, yale matupu yakiwemo. Likikwama, afukue yeye, kwa fedha zake, kabla hajaondoa mitambo.

Maswali, karibuni. Tuanze na dada pale nyuma.