Kabla hujayalaumu maji, kipime kwanza kipimo

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Naona wengi mmekuja na maboksi yenu ya vipimo vya maji ya samaki kama tulivyoombana, yawekeni chini kwanza, tutayafungua baadae.

Nianze na aibu yangu. Nilikaa karibu mwaka mzima najisifia kwamba tenki langu la samaki lina nitrati, ule uchafu unaojikusanya majini, miligramu 5 tu kwa lita, kila nikikutana na mtu namwambia we badilisha maji kama mimi uone, huku vioo vimejaa mwani na mimi nazilaumu taa. Siku moja jamaa yangu mwalimu wa kemia akaniambia hebu tutengeneze maji ambayo tunajua yana nini ndani. Tukapima gramu 1.63 za nitrati ya potasiamu, tukaziyeyusha tukafikisha lita moja kwa maji yasiyo na madini, hapo unapata nitrati miligramu 1000 kwa lita, halafu ukichota mililita 20 tu za hayo maji ukajazia mpaka lita moja unabaki na 20. Nikapima kwa boksi langu, ikasoma 5! Maji ya 20 yananiambia 5, nikaduwaa.

Na dawa wala haikuwa feki, haikuwa imeexpaya. Vipimo vingi vya nitrati, ile chupa ya pili ina unga wa zinki, kazi yake kuigeuza nitrati iwe nitriti kwanza, maana ule wekundu mnaouona unatoka kwenye nitriti, nitrati yenyewe haishiki rangi pale. Sasa ule unga unatuama chini unagandamana kama majani ya chai, we unatikisa mara mbili tatu unadondosha, yaani umedondosha maji matupu. Maelekezo yanasema tikisa sekunde 30, mi nilionaga ni mbwembwe tu. Basi nikaigonga chupa mezani, nikaitikisa mpaka mkono ukauma, tyubu nayo dakika nzima, nikasubiri dakika 5, ikaja rangi ya 20. Mwaka mzima nawadanganya watu! Na kwa sababu hiyo hiyo, kama tenki ni jipya na nitriti bado imejaa, namba ya nitrati siku hizo usiiamini, inahesabu vyote viwili.

Mwingine hapa, simtaji, anacheka mwenyewe, anafuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Lile ziwa pH yake, yaani kipimo cha maji kuwa na asidi au alkali, inakaa karibu 9. Yeye kila akipima anapata 7.6, anaweka matumbawe, 7.6, anaongeza chumvi za kupandisha, 7.6, akaanza kusema maji yake yana ubishi. Kaka, kadi yako ya kulinganishia rangi inaishia 7.6! Ile dawa ikishafika bluu imefika, maji yakiwa 8.5 bluu ni ile ile, ni kama mzani wa kilo 5 umeupandishia gunia. Anatakiwa anunue ile ya pH ya juu, inayoanzia kwenye 7.4 kwenda 8.8.

Ndio dada, uliza... Anasema ameweka dawa ya kuondoa klorini, akapima, amonia, ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki, inaonekana, je kauziwa dawa feki? Hapana, si lazima. Baadhi ya hizo dawa zinaifunga amonia isidhuru samaki ila kipimo bado kinaihesabu. Na vile vipimo vya zamani vya zebaki, vinavyotoka njano kwenda kahawia, ndo kabisa, vinachanganywa na hizo dawa, vinakupa namba ya ajabu. Halafu kumbukeni kipimo kinajumlisha amonia yote, ile yenye sumu na ile isiyo na shida sana. Kwenye pH 7 na joto la 25, yenye sumu haifiki hata 1 kwenye 100, kwenye pH 8 inakuwa kama 5. Kwahiyo we na jirani yako mnaweza kusoma namba moja, yeye samaki wake wanakula, wako wanahema juu juu.

Stripu, zile karatasi za kuchovya majini, sina mengi. Kwa unyevu huu wa Dar, kikopo kikiachwa wazi zimeshakwisha, na ukiuziwa moja moja kwenye nailoni umenunua karatasi.

Mimi ninachokiamini kuliko vyote ni cha KH, yaani kabonati za majini zinazozuia pH isiyumbe, maana pale unahesabu matone mpaka rangi igeuke, hubishani na kadi. Na kukihakiki ni rahisi, gramu 3 za bekingi soda, sio bekingi pauda jamani, kwenye lita 10 za maji yasiyo na madini, inatakiwa isome digrii 10. Ikisoma 6, tupa.

Sasa tufanye. Hapa mezani kuna majagi mawili, moja ni nitrati 20, lingine siwaambii. Kila mtu achukue tyubu mbili, apime, aandike namba kwenye karatasi bila kuchungulia ya mwenzake. Na tafadhali aliye karibu na swichi azime hizi taa za njano, fungueni mapazia, rangi tutasomea pale dirishani. Chupa ya pili mshaanza kuitikisa? Bado sekunde 20.