Matsumoto Yamaga: klabu iliyozaliwa mkahawani na kuumizwa dakika za nyongeza

Haya wadau wa soka, habari za nyumbani. Daizen Maeda mnamjua, yule wa Celtic anayewakimbiza mabeki na kipa wao mpaka unawaonea huruma. Soka ya kulipwa aliianza 2016, katoka sekondari moja kwa moja, kwenye klabu ya Japani inayoitwa Matsumoto Yamaga. Ukiitafuta kwenye J1, daraja la kwanza la huko, huioni, na J2, la pili, huioni. Tangu 2022 iko J3, daraja la tatu. Leo tunaipitia toka mwanzo, maana kila ilipopanda na kila ilipokwama, kilichoamua ni kitu kidogo: pointi moja, bao moja, kifungu kimoja cha kanuni.

Kwanza ngazi zenyewe. J1, J2 na J3, kila moja ina timu 20 tangu 2024. Chini yake kuna JFL, yaani daraja la nne, na chini ya JFL kuna ligi 9 za kanda. Matsumoto ni mji wa mkoa wa Nagano, katikati ya milima, kwa hiyo kanda yake ni Hokushinetsu, yenye mikoa mitano: Nagano, Niigata, Toyama, Ishikawa na Fukui. Yamaga imekaa huko chini miaka mingi kuliko ilivyokaa mahali pengine popote.

Jina sasa. Herufi ya kwanza ni "mlima", ya pili ni "umaridadi", na mji umezungukwa na milima, kwa hiyo kila mgeni anadhani wamejiita kwa ajili ya milima. Hapana. Yamaga ulikuwa mkahawa mbele ya stesheni ya Matsumoto. Wachezaji wa timu teule ya mkoa walikuwa wakikutana pale, na 1965 wakaanzisha klabu na kuipa jina la mkahawa. Ni kama vijana wa mtaani kwenu waiite timu yao jina la kibanda cha chai wanakopiga soga. Mkahawa wenyewe ulikuja kufungwa, lakini jina likabaki kwenye jezi. Mwaka 2017 klabu ikafungua mkahawa wake mjini, ikaupa jina lile lile.

Miaka ya katikati naipita haraka. Ligi ya Hokushinetsu ilianza 1975 na Yamaga wakiwemo, ubingwa wakauchukua 1985, kisha wakapotea potea. Kilichobadilisha mambo ni uwanja. Mwaka 2001 ulifunguliwa Alwin, uwanja wa mpira mtupu usio na njia ya riadha, unaobeba watu kama 20,000, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Matsumoto. Paraguay waliweka kambi mjini hapo kwa Kombe la Dunia la 2002. Wageni wakaondoka, uwanja ukabaki bila mwenyewe. Ndipo 2004 wakaanzisha shirika lisilo la faida la kuiendesha klabu, na shabaha wakaitaja wazi: kuingia J.League, yaani ngazi zile tatu za J.

Sasa twende 2009, tulieni hapa. Oktoba ya mwaka huo, kwenye Kombe la Mfalme, ambako timu za ngazi tofauti zinakutana, Yamaga ya ligi ya kanda iliifunga Urawa Reds 2-0 pale Alwin. Urawa walikuwa mabingwa wa Asia miaka miwili tu nyuma. Watu wakashangilia, lakini kwenye ligi yao Yamaga walimaliza nafasi ya 4, na nafasi ya 4 haikupi tiketi ya mashindano ya kupanda JFL. Walipitia dirishani. Kuna mashindano ya taifa ya timu za ridhaa, kwa kifupi Zensha: timu 32, mtoano, mechi tano ndani ya siku tano mfululizo, dakika 80 kila moja. Ukiwa na kikosi cha wachezaji 13 walio sawa, siku ya tatu misuli inagoma na unatolewa na timu dhaifu kuliko wewe. Yamaga walilibeba kombe hilo, likawapa tiketi, wakaenda wakashinda na fainali za kanda, na 2010 wakawa JFL. Bila zile siku tano, ushindi juu ya Urawa ungebaki hadithi ya vijiweni.

Mwaka 2011 wakamsajili Naoki Matsuda. Huyu ni beki wa kati aliyeichezea Japani Kombe la Dunia 2002, na alikuwa amekaa Yokohama F. Marinos miaka 16 kabla ya kuachwa. Nyota wa kiwango hicho kushuka JFL lilikuwa jambo kubwa. Tarehe 2 Agosti, mazoezini, wakiwa bado wanapasha misuli, Matsuda alianguka. Moyo ulisimama. Tarehe 4 Agosti akafariki, akiwa na miaka 34. Mashine ya kushtua moyo, AED, haikuwepo pale uwanjani.

Nisimame hapa kidogo, maana huko nyumbani viwanja vingi vya mazoezi havina. Mchezaji akianguka bila kugongwa na mtu, haitiki, hapumui kawaida, usimmwagie maji. Mmoja apige simu, mmoja aikimbilie mashine, mmoja aanze kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ikifika, kata jezi, futa jasho, maana kifua kikiwa na majimaji vibandiko havishiki. Kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia, cha pili ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mashine inapima yenyewe. Wakati huo asimguse mtu. Ikishatoa mshtuko, rudi kukandamiza hapo hapo. Kila dakika inayopita bila mshtuko hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10, ndiyo maana mashine iliyofungiwa ofisini, ufunguo anao mtu aliyekwenda sokoni, ni sawa na kutokuwepo.

Turudi 2011: Yamaga walimaliza msimu huo nafasi ya 4. Kanuni ya kupanda J2 wakati ule ilidai mambo kadhaa, na mojawapo ni kuwa ndani ya nne bora za JFL. Nafasi ya 5 wangebaki. Marinos waliistaafisha jezi namba 3 ya Matsuda. Matsumoto hawakufanya hivyo: 2014 alikuja Hayuma Tanaka, mwenyeji wa mkoa wa Nagano aliyewahi kucheza na Matsuda Marinos, akaivaa yeye.

Mwaka 2012 akaingia kocha Yasuharu Sorimachi, aliyekaa misimu minane. Mpira wake haukuwa wa kupendeza macho, mimi nasema wazi. Ulikuwa wa mbio, mipira iliyokufa, na mipira mirefu ya kurusha ya Yuzo Iwakami. Ujanja wake ni huu: mpira wa kurusha hauna kuotea. Unaweza kupanga watu watano mbele ya kipa, na mrushaji mwenye mikono ya nguvu anakuwa na kona ya bure kila mpira unapotoka karibu na lango. Kwa silaha hizo walipanda J1 kwa mwaka 2015, msimu wa tatu tu tangu waingie J2. Wakashuka mwaka huo huo, nafasi ya 16.

Angalieni msimamo wa J2 2016 hapa kwenye skrini. Sapporo 85, Shimizu 84, Matsumoto 84. Shimizu wakapanda kwa tofauti ya mabao, Yamaga wakaenda mchujo wa kuwania kupanda dhidi ya Okayama walioshika nafasi ya 6 kwa pointi 65. Kanuni ya mchujo Japani inambeba aliyemaliza juu: sare ilimtosha Matsumoto, nyumbani kwake, kwenye mvua. Ilikuwa 1-1 mpaka dakika za nyongeza, Okayama wakafunga. Pointi 19 za tofauti zikafutwa kwa bao moja.

Mwaka 2018 bahati ikageuka: ubingwa wa J2 kwa pointi 77, na timu tatu nyuma yake zote zina 76. Lakini J1 ya 2019 walifunga mabao 21 katika mechi 34, na Maeda akaenda Ureno katikati ya msimu. Kwa mabao hayo hubaki. Sorimachi akaondoka, makocha wakawa wa kubadilishana, na 2021 wakashika mkia J2. Mwaka huo timu nne zilishushwa, kwa kuwa 2020 hakushuka mtu kwa sababu ya korona.

J3 nako ni yale yale. Mwaka 2022 walikosa nafasi ya 2 kwa pointi moja. Mwaka 2024 wakafika fainali ya mchujo, ugenini kwa Kataller Toyama, na safari hii sare ilimtosha mwenyeji. Yamaga wakaongoza 2-0. Toyama wakarudisha moja, na la pili likaingia dakika za nyongeza. Ikaisha 2-2, Toyama wakapanda. Kifungu kile kile cha 2016, ila sasa kiko upande wa pili.

Na bado watu wanajaa. Alwin kwenye J3 inaingiza karibu 8,000 kwa mechi. Ukiwa Tokyo, panda treni ya Azusa kutoka Shinjuku, mwendo wa kama saa mbili na nusu hivi hadi Matsumoto. Kata kiti mapema, mabehewa yote ni ya kuwekesha nafasi. Uwanjani hakuna treni, kuna basi la mechi kutoka stesheni. Chukua koti hata kama Tokyo jua linawaka. Mechi ikipigwa saa nane mchana huku, nyumbani ni saa mbili asubuhi, chai ndiyo kwanza inaandaliwa.