Kurudisha Madini Ndani ya Jino

Mabibi na mabwana, wazee wetu mliofika jioni hii, na ninyi wanafunzi wa udaktari wa meno mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru.

Mfupa ukivunjika huunga, lakini enameli, yaani lile ganda la nje la jino, haina bahati hiyo. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, nayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Hata hivyo seli zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza, na tangu hapo hakuna fundi anayebaki. Bakteria waliomo katika utando wa meno hugeuza sukari kuwa tindikali, na pH, yaani kipimo kinachopungua kadiri tindikali inavyozidi, ikishuka chini ya takriban 5.5, kalsiamu na fosfeti huanza kuyeyuka. Mate hurudisha sehemu ya madini hayo, na floraidi huyasaidia, ila mtu anayekunywa soda kidogo kidogo kutwa nzima huyanyima mate muda wa kufanya kazi yao.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko chini ya enameli, kwenye dentini. Humo madini ni takriban asilimia 70 tu, na kinachobaki ni maji na protini, hasa nyuzi za kolajeni. Tazameni majengo yanayoinuka Kariakoo: nondo husukwa kwanza, kisha zege humiminwa. Katika dentini kolajeni ndiyo nondo, lakini kuna tofauti moja kubwa, kwamba madini hukaa kati ya nyuzi na pia ndani ya kila uzi. Tindikali inapoyatoa madini hayo, mara nyingi nyuzi hubaki, laini na zilizolowa maji. Tukizimwagia kalsiamu na fosfeti hivi hivi, fuwele huota juu yake kama lipu juu ya ukuta uliooza ndani, na jino halipati nguvu yake.

Mwili hutatua tatizo hili kwa protini zenye tindikali nyingi, ambazo huyazuia madini yasigande mapema. Watafiti wameiga kazi hiyo kwa polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, iitwayo asidi ya poliaspatiki: kalsiamu na fosfeti hukaa katika matone madogo mno, karibu kama kimiminika, yakajipenyeza ndani ya uzi wa kolajeni, na humo ndipo yanapogeuka fuwele zilizopangika kufuata uzi wenyewe. Kwangu mimi hili ni jambo la kustaajabisha, kwa sababu mpangilio ndio uliokuwa umetushinda miaka yote. Madini yenyewe hayakuwahi kuwa adimu.

Kwa enameli njia ni nyingine. Peptidi ya P11-4, yaani mnyororo mfupi wa vijenzi vya protini, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, hupenya kwenye doa jeupe la mwanzo wa kuoza, ikajisuka yenyewe kuwa wavu unaovuta kalsiamu. Mwaka 2019, watafiti wa China walitumia vishada vidogo sana vya kalsiamu na fosfeti, wakaotesha enameli mpya yenye unene wa takriban mikromita 2.5 katika saa 48, ikiufuata mpangilio wa ile ya zamani. Enameli ya ncha za gego hufikia takriban milimita 2.5, maana yake ni mara elfu moja ya kipimo hicho. Nawaomba wanafunzi waukumbuke uwiano huu kila wanapoulizwa na mgonjwa kama tundu lake linaweza kujijaza.

Kliniki, hata hivyo, haihitaji kusubiri. Tundu linapokaribia kiini cha jino, dentini iliyolainika chini kabisa huweza kuachwa na kufunikwa vizuri badala ya kukwanguliwa yote, kwa kuwa nyuzi zake bado zinaweza kupokea madini. Nyuzi zilizokwisha kumeng'enywa na bakteria haziwezi tena, na kuzitambua hizo kwa jicho na kwa mkono ndilo zoezi tutakaloanza nalo kesho asubuhi.